Safari ya gari ya siku nne magharibi mwa Sichuan: tuanzie upande upi, na tulale wapi?

Swali: Mtanga wa Chengdu

Wanajukwaa, habari za leo.

Ninasoma shahada ya uzamili hapa Chengdu, na mwezi Oktoba kaka yangu na mkewe watakuja kunitembelea kutoka Dar es Salaam. Pamoja na rafiki yetu Mkenya ninayesoma naye, tumekusudia kukodi gari na kuzunguka milima ya magharibi mwa jimbo hili la Sichuan kwa siku nne, kisha tuwarudishe wageni mjini wapumzike kabla ya kupanda ndege.

Njia niliyoichora ni hii. Siku ya kwanza tutatoka Chengdu kupitia Dujiangyan, Yingxiu na Wolong, tuvuke mlima Balang kwa handaki, na tulale katika mji mdogo ulio chini ya mlima Siguniang. Siku ya pili tutateremka hadi Danba kuangalia vijiji vya mawe, kisha tuendelee siku hiyo hiyo hadi mbuga za Tagong na kulala Xinduqiao. Siku ya tatu tutauvuka mlima Zheduo, tushuke Kangding na kulala Luding, na siku ya nne tutarudi nyumbani kwa barabara ya kulipia inayopita Ya'an. Nikijumlisha vipande vyote ninapata kilomita zipatazo 800, ambazo ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kwa hiyo kwa siku nne sioni kwamba tunajichosha.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. La kwanza, je, mpangilio huu wa malazi unafaa kwa watu wanaotoka pwani moja kwa moja? La pili, kaka yangu ana leseni ya kimataifa aliyoichukua kwa ajili ya safari hii na angependa kupokezana usukani nami. Mimi tayari nina leseni ya China. La tatu, chuo kinafungwa kuanzia tarehe 1 hadi 7 Oktoba kwa sikukuu ya taifa, na tungependa kuutumia muda huo. Asanteni.


Jibu: Mzee wa Marangu

Binti yangu, karibu sana. Niliwaongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi, na mzunguko huo unaoutaja ninaujua kwa sababu mwanangu aliwahi kufanya kazi Chengdu na tulikuwa tukienda huko naye. Ruhusu nianze na swali lako la kwanza, maana mengine yote yanaweza kurekebishwa barabarani, lakini hili likikosewa hakuna atakayefurahia mlima.

Chengdu iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji huo ulio chini ya Siguniang uko kwenye mita 3,200, na mtaufikia kwa saa chache tu za kuendesha. Mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kabla ya kufika Horombo yenye mita 3,720, na hata hivyo kila kundi huwa na mtu wa kuamka akishika kichwa. Ninyi mnataka kumtoa mtu Dar es Salaam, kumlaza mita 3,200 usiku wa kwanza, na usiku wa pili kumlaza Xinduqiao, ambako ni juu zaidi ya hapo. Gari halimpi mwili nafasi ya kuzoea, na kwa kuwa mtu hajatembea wala kuchoka, hudhani yuko salama mpaka usiku unapoingia na usingizi ukakataa.

Ushauri wangu ni kwamba msibadilishe hata mahali pamoja, bali mgeuze mwelekeo wa mzunguko mzima. Tokeni Chengdu kwa barabara ya Ya'an, mpite Luding, na mlale Kangding, ambako ni kama mita 2,500. Siku ya pili mvuke Zheduo kwenye mita 4,298, mkae kileleni muda wa kupiga picha tu, mpite Xinduqiao na Tagong mchana, kisha mshuke mlale Danba, ambako mto umechimba bonde hadi chini ya mita 2,000. Usiku wa tatu ndipo mlale chini ya Siguniang, miili ikiwa imeshaonja kimo mara moja na kupumzika. Siku ya nne mtarudi kwa handaki la Balang, lenye urefu wa karibu kilomita 8, na jioni mtakuwa Chengdu.

Hiyo ndiyo kanuni tunayoitumia hata Kilimanjaro, kwenye njia ya Machame: mgeni hupandishwa mchana hadi Lava Tower, mita zaidi ya 4,600, halafu hushushwa kulala Barranco, ambako ni chini ya mita 4,000. Wasiojua huuliza kwa nini wanapoteza kimo walichokitolea jasho. Usiku wanapolala vizuri, hawaulizi tena.

Jambo jingine ni makopo ya oksijeni yanayouzwa kwenye kila duka la njiani. Nunueni moja au mawili kwa ajili ya kumtuliza mtu, lakini msiyategemee, kwa sababu kopo moja huisha baada ya dakika chache za kuvuta na hewa ya mlimani inabaki ile ile. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa katika maneno, au akihema ilhali ameketi, tiba yake ni kushushwa chini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama chumba kimeshalipiwa.


Jibu: Dereva wa Yiwu

Dada Mtanga, Mzee amemaliza habari ya kimo, nami sina la kuongeza hapo. Nitajibu kuhusu leseni, sikukuu na barabara, kwa kuwa kazi yangu ya kununua bidhaa hunifanya niendeshe gari sehemu nyingi za China.

Leseni ya kimataifa ya kaka yako haitambuliwi hapa, na kwa mujibu wa sheria mtu akikamatwa nayo anahesabiwa kuwa anaendesha bila leseni, kosa ambalo adhabu yake ni faini na linaweza kumweka mahabusu hadi siku 15. Zaidi ya hayo, ikitokea ajali, bima itakuwa na sababu nzuri ya kukataa kulipa. Iko njia halali, yaani kibali cha muda cha udereva kinachotolewa na polisi wa usalama barabarani kwa mgeni wa muda mfupi, kisichozidi miezi 3, ambacho huhitaji tafsiri rasmi ya leseni ya nyumbani pamoja na taratibu nyingine ofisini. Kwa safari ya siku nne sioni faida ya kumzungusha mgeni maofisini. Ukumbuke pia kwamba kaka amezoea kuendesha upande wa kushoto, na barabara ya milimani yenye kona zisizoonekana mbele si mahali pa kujifunzia kukaa kulia. Kama rafiki yenu Mkenya naye ana leseni ya China, pokezaneni ninyi wawili. Kama hana, fikirieni kwa dhati kukodi gari pamoja na dereva wake. Mkigawana gharama watu wanne haiumizi, nawe utapata nafasi ya kuitazama nchi badala ya kutazama mstari wa katikati ya barabara.

Mkikodi wenyewe, ulizeni kabla ya kulipa kama kampuni inampokea mteja mwenye pasipoti, kwa sababu baadhi ya mifumo yao imetengenezwa kwa ajili ya kitambulisho cha raia peke yake. Fahamu pia kwamba kuna amana mbili: moja ya gari lenyewe, na nyingine ya makosa ya barabarani, ambayo hushikiliwa kwa wiki kadhaa baada ya kurudisha gari ili faini za kamera zipate kujitokeza. Kamera hizo ni nyingi, na nyingine hupima wastani wa mwendo kati ya nguzo mbili zilizo mbali, kwa hiyo ujanja tuliouzoea wa kupunguza mwendo unapoiona na kukanyaga mafuta ukishaipita haufui dafu.

Kuhusu tarehe 1 hadi 7 Oktoba, ningekusihi uachane nazo kabisa. Katika sikukuu hiyo magari madogo yenye viti visivyozidi saba hayalipi tozo kwenye barabara kuu, na karibu kila mwenye gari Chengdu hutazama magharibi. Zheduo ni barabara ya njia mbili tu yenye mizunguko mingi, na foleni yake katika siku hizo hudumu saa nyingi, watu wakiwa wamesimama palepale penye hewa haba ambapo Mzee amewaambia msikae. Ombeni ruhusa chuoni msafiri katikati ya wiki, baada ya tarehe 15 hivi. Mvua zitakuwa zimepungua, miti ya bonde la Shuangqiao, huko Siguniang, itakuwa imegeuka rangi ya dhahabu, na vyumba havitauzwa kwa bei ya kuruka.

Mvua nimeitaja makusudi. Milima ile bado inamomonyoka, hasa tangu tetemeko la Wenchuan la tarehe 12 Mei 2008, ambalo kitovu chake kilikuwa Yingxiu, pale pale mtakapopita siku ya mwisho. Magofu ya shule ya sekondari ya Xuankou yameachwa kama yalivyoanguka, na ni vyema kusimama hapo kwa heshima. Mwezi Juni 2020 tope lilishuka katika korongo la Meilong karibu na Danba, likauziba mto Xiaojin na kuikata barabara ya G350. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 2024, tope jingine lilibomoa daraja lililo kati ya mahandaki mawili kwenye barabara ya kulipia ya Ya'an na Kangding, na magari yaliyokuwa yakija gizani yakatumbukia. Matukio hayo ni ya majira ya mvua, wala sikutajii ili uogope. Nakutajia ili uweke sharti moja ambalo hamtalivunja, kwamba jua likizama gari liwe limeegeshwa. Anzeni saa moja asubuhi, na saa kumi na moja jioni muwe mmefika.

Katika kuteremka Zheduo na Balang tumia gia ndogo na uiache injini ishike gari. Magari mengi ya kukodi ni ya otomatiki, na madereva wengi hawajawahi kugusa alama nyingine zaidi ya ile ya kwenda mbele. Jifunze gia hizo kabla ya kuondoka mjini, maana ukishuka mita elfu mbili huku mguu ukiwa juu ya breki, utaanza kusikia harufu ya kuungua kabla hujafika chini. Mwishoni mwa Oktoba theluji huweza kuanguka kwenye kimo hicho, na asubuhi lami yenye kivuli huwa na utandu wa barafu usioonekana, kwa hiyo kodi gari pamoja na minyororo ya matairi hata kama hutaitumia.

Ramani ya Google usiitegemee. Imefungiwa, na hata ukiifungua kwa njia za kuzunguka, barabara zake haziendi sawa na picha ya setilaiti. Tumia Gaode au Baidu, na upakue ramani ya jimbo zima kabla ya safari, kwa sababu kati ya Danba na Tagong mtandao hupotea na kurudi.


Mtanga wa Chengdu

Shikamoo Mzee, na asante sana Kaka Dereva. Nimeugeuza mzunguko kama mlivyoelekeza, na tarehe tumezisogeza hadi wiki ya tatu ya Oktoba. Kaka amekubali kuwa abiria, ingawa si kwa furaha. Rafiki yetu Mkenya ana leseni ya hapa na ataniachia nusu ya njia.

Limebaki jambo moja ambalo sikuliandika mwanzoni kwa kuwa sikudhani linahusika. Wifi yangu aliambiwa katika kliniki ya wajawazito kwamba amerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu. Haumwi, na hajawahi kuongezewa damu. Je, kimo kina uhusiano wowote na hali hiyo? Pia ningependa kujua kama Danba panastahili zaidi ya kulala, au tupitilize tupate muda mrefu Siguniang.


Jibu: Tabibu wa Mikocheni

Dada Mtanga, umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu waongozaji wengi wa milima ya China hawatakuuliza. Selimundu, yaani sikoseli, ni nadra sana nchini humo, na hata daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wake.

Tutenganishe hali mbili. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa baba na kwa mama, hapaswi kwenda katika safari hii kabisa, kwa kuwa upungufu wa oksijeni hufanya chembe nyekundu zijikunje na kuziba mishipa. Mwenye kurithi upande mmoja, kama wifi yako, kwa kawaida huishi bila shida yoyote, na wengi wa aina yake hupanda milima na kurudi salama. Hata hivyo wapo wachache ambao kwenye kimo kikubwa damu hushindwa kufika vizuri kwenye bandama, na sehemu ya bandama hufa. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingine yakipanda begani, pamoja na kichefuchefu au homa. Kwenye kimo cha Zheduo, ambako kila pumzi ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni inayopatikana pwani, jambo hilo linawezekana.

Simzuii kusafiri, ila ninataka afanye mambo machache. Aonane na daktari wake Dar es Salaam kabla ya safari na aombe majibu ya kipimo kwa maandishi, nawe uyatafsirishe kwa Kichina na mtembee nayo, ili mkifika hospitali msipoteze saa nzima mkieleza. Anywe maji ya kutosha, asijichoshe kileleni, na Siguniang achukue bonde la Shuangqiao, ambalo hutembelewa kwa basi la hifadhi, badala ya kupanda kwa miguu bonde la Changping. Mkipata mtu wa kuwashawishi mpande kilele cha Dafeng, chenye mita 5,025, kwa kuwa eti ni rahisi, wifi asiwemo, na kwa kweli hata ninyi wengine siku hizo nne hazitoshi. Maumivu ya ubavu wa kushoto yakianza, shukeni na mwende hospitali. Msimpe dawa ya kutuliza mkasubiri asubuhi.

Kuhusu vidonge vya asetazolamaidi, ambavyo baadhi ya wasafiri huanza kumeza siku moja kabla ya kupanda, vinasaidia mwili kuzoea, lakini mwenye mzio wa dawa za salfa huenda asiviweze, na kwa wifi yako uamuzi uwe wa daktari anayemwona ana kwa ana. Mkiufuata mpangilio wa Mzee, nadhani wengine mnaweza kwenda bila vidonge.


Jibu: Mzee wa Marangu

Marahaba, binti yangu. Tabibu amesema kweli tupu, na ningeongeza kwamba mtu wa namna hiyo akae kiti cha mbele, ambako dereva anamwona uso.

Danba msipitilize. Mimi ningepunguza hata muda wa Tagong, ambako mtapata mbuga, hekalu na farasi wa kukodi, ili nifike Danba mapema. Mito Dajin na Xiaojin inakutana hapo na kuwa mto Dadu, na juu ya kingo zake, upande wa Suopo na Zhonglu, imesimama minara ya mawe ya watu wa Gyalrong, mirefu na myembamba, mingi ikiwa na pembe nne na mingine hadi nane au zaidi. Ukiisogelea utaona kwamba kona zake zimenyooka kama zilizokatwa kwa uzi, ilhali ni mawe bapa ya mlimani yaliyopangwa kwa udongo. Mfalme Qianlong wa nasaba ya Qing alipopigana na watawala wa Jinchuan katika karne ya 18, minara ya namna hiyo iliwasumbua askari wake kiasi kwamba aliamuru ijengwe mingine ya mfano karibu na Beijing, ili wafanye mazoezi ya kuiparamia. Vita ya pili ilianza mwaka 1771 na kumalizika 1776. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko daraja la Luding, ingawa daraja nalo mtalipita siku ya kwanza na si vibaya kusimama: minyororo 13 ya chuma iliyowekwa mwanzoni mwa karne hiyo ya 18, ambayo Jeshi Jekundu la wakomunisti wa China liliivuka tarehe 29 Mei 1935.

Laleni kijiji cha Jiaju, katika nyumba ya familia. Ila mwenyeji aulizwe mapema, kabla ya kulipwa, kama anajua kuandikisha wageni wa kigeni, kwa sababu sheria inataka polisi wapate taarifa ya mgeni ndani ya saa 24. Hoteli za mjini hulifanya hilo kwa dakika chache, lakini mwenye vyumba vitatu kijijini pengine hajawahi kushika pasipoti ya Tanzania. Akisita, mtakuwa na muda wa kutafuta pengine kabla ya giza, ambayo ni sababu nyingine ya kufika mapema.


Mtanga wa Chengdu

Mzee, nitampigia simu mwenyeji wiki hii. Swali dogo la mwisho: siku ya kurudi, kama hali ya hewa ni nzuri, tupite handaki la Balang au barabara ya zamani inayopanda hadi kileleni?


Jibu: Dereva wa Yiwu

Barabara ya zamani inapanda hadi karibu mita 4,500, na siku ya anga safi mtaona mawingu yakiwa chini yenu upande wa Wolong. Asubuhi hiyo muulizeni mwenye nyumba ya wageni kama iko wazi na kama usiku kulianguka theluji. Kwa kuwa wifi yuko nanyi, mimi ningepita handakini na kusimama Maobiliang, kabla ya kufika handaki, ambako vilele vyote vinne vya Siguniang vinaonekana kutoka kando ya barabara na kile kirefu zaidi, cha mita 6,250, kiko mwisho wa mstari. Jazeni mafuta kabla ya kuondoka mjini hapo, na muwahi kufika Dujiangyan kabla ya saa kumi jioni, maana baada ya hapo foleni ya kuingia Chengdu itawala muda mwingi kuliko mlima wenyewe.